Mafiga Matatu ya Kioo cha Getruda

Habari za Getruda Luhaga kila mtu wa hapa Nyarero anazo mdomoni, lakini ikifika kuziandika wote mikono inawauma, wananiletea mimi. Aliyeniletea ni mwalimu Rose, na daftari na kalamu mbili, kama vile moja ingenitoroka. Nikamwambia, wewe ndiye mwenye cheti, andika mwenyewe. Akasema yeye angeandika kama ripoti ya shule. Hilo ni kweli, na isitoshe ana sababu yake nyingine ya kukwepa, mtaiona mbele. Mimi shule niliishia darasa la tatu na herufi zangu zinapanda mlima, lakini ninachokijua nakijua. Atakayesema nimekosea aje na daftari lake.

Getruda si mzaliwa wa hapa. Ni Msukuma, alikuja na mumewe Mboje kufuata dhahabu kule Kemambo, wakati ule watu walipokuwa wanamiminika na sululu mabegani kama wanaenda kulima shamba la bure. Mboje alichimba, akapata kidogo, akakosa kingi. Siku moja akasikia kuna mahali pengine mbali dhahabu imefumuka, akafunga kibegi, akamwambia mkewe nakwenda wiki mbili. Wiki mbili hizo mpaka leo hazijaisha.

Mwanamke mwingine angekaa mlangoni akiangalia barabara. Getruda aliangalia siku tisa, ya kumi akauza kitanda. Pale Kemambo alikuwa ameshajifunza kazi ya kompyuta kwenye kibanda cha mtu aliyekuwa anawatolea wachimbaji nakala za vitambulisho na kuwachapia barua. Akapanda kuja Nyarero, akapanga chumba kinachotazama barabara, akaweka kompyuta ya mtumba aliyoinunua Sirari, na printa yenye matangi manne ya wino pembeni. Juu ya mlango akaandika STESHENERI NA PICHA. Mwaka wa kwanza alilala chini, maana kitanda kilikuwa kimegeuka printa.

Watu wa hapa hawakumpokea kwa ngoma. Sisi Wakurya mgeni tunamwangalia kwanza, kama ng'ombe mpya zizini, tuone kama anapiga teke. Getruda alipiga. Mzee akimwambia picha hii mbaya, yeye anamjibu sura ndiyo mbaya, mzee, picha imefuata sura. Kikurya alijifunza kwa kugombana, ndiyo maana matusi anayajua vizuri kuliko salamu. Lakini kila asubuhi alifagia mpaka mbele ya duka la jirani, na kila mzee alimwamkia shikamoo hata kama jana walirushiana maneno. Tukamzoea.

Kilichompa jina hasa ni ng'ombe.

Kwetu ng'ombe anajulikana kwa rangi. Akiibiwa, wanaofuata nyayo swali lao la kwanza ni rangi gani, na usijibu mwekundu ukadhani umejibu. Kuna mwekundu wa kichuguu, kuna mwekundu wa maharage, kuna mwekundu unaoelekea kwenye chai ya maziwa. Zamani wazee walizibeba rangi hizo kichwani. Siku hizi watu wanabeba picha. Getruda ndiye aliyeanza kutengeneza kadi: ng'ombe upande wa kulia, ng'ombe upande wa kushoto, jina la mwenye mali chini, halafu nailoni juu yake isilowe. Ng'ombe wa mzee Simioni alipopotea na kuonekana mnadani mbali huko, kadi ndiyo iliyomrudisha, maana mzee aliiweka kadi ubavuni kwa ng'ombe mbele ya watu, na hakuna aliyeona tofauti.

Sasa sikilizeni alivyofika hapo, maana ndipo penye kisa. Kompyuta ilipokuwa mpya kwake, rangi ya kwenye kioo na rangi ya kwenye karatasi zilikuwa haziongei. Kwenye kioo bibi harusi mweusi tii, kwenye karatasi kama amepakwa hina. Getruda akakasirika. Akachukua nyanya mbivu, yai la kuku wa kienyeji, na kigae cha chungu kilichovunjika, akavipiga picha, akazichapa. Halafu akafungua mahali fulani ndani ya kompyuta ambapo kuna vishale vitatu vya kusukuma, kimoja cha nyekundu, kimoja cha kijani, kimoja cha bluu. Akawa anasukuma kidogo, anaangalia nyanya ya kioo, anaangalia nyanya ya karatasi, anaangalia nyanya ya mkononi. Siku tatu. Waliopita nje walisema Msukuma anapiga ramli kwa nyanya. Siku ya tatu mchana nyanya zote tatu zikawa nyanya moja, naye akaila na chumvi.

Tangu hapo hakugusa tena vishale vile. Alikiamini kioo chake kuliko macho ya watu. Mtu akimletea picha kwenye simu na kusema mbona kwangu inaonekana hivi, Getruda humjibu kwa kifupi: "Simu zinadanganya. Kioo changu hakidanganyi." Liwekeni neno hilo pembeni, tutalirudia.

Mwaka jana, mahindi yakiwa mabichi, mwalimu Rose alikwenda dukani kwa Getruda kutuma alama za mtihani wa wanafunzi. Mtandao wa duka ulikuwa umekatika, mwalimu akaunganisha kompyuta na simu yake, alikuwa na bando kubwa la mwezi mzima. Alama zikaenda. Mwalimu akasahau kuzima, akaiacha simu juu ya meza akaenda kununua dagaa, akakutana na mtu, mnajua mwalimu akikutana na mtu. Kompyuta ilikuwa na njaa ya miezi minane, mtandao wa duka haukuwahi kuitosha kujisasisha. Ilipoona bando la mtu mwingine ikala mpaka ikalamba sahani. Mwalimu aliporudi bando limekwisha, na kompyuta imeandika kwamba inajisasisha, usizime. Getruda akadhani ni heri, atapata vipya bila kutoa kitu. Mwalimu hakudhani hivyo.

Kesho yake asubuhi kioo kilikuwa kimefifia. Maandishi madogo kama mbegu za mchicha, weupe mwingi, na kila kitu kimeingiwa na ubluu kama maziwa yaliyotiwa maji. Getruda akakifuta kwa kitambaa, akakipiga kofi ubavuni, akasema ni umeme mdogo. Akaendelea na kazi.

Wiki ile ile ndipo Neema alipoposwa.

Neema ni binti wa mzee Mokami, na mzee Mokami ni mtu ambaye hata akisalimiwa anafikiri kwanza. Aliyemposa ni Mayunga, kijana wa Kisukuma, fundi wa mashine za kusaga mawe kule Kemambo. Kijana mzuri, hana maneno mengi. Ng'ombe wa mahari walikuwa kwa baba yake huko Usukuma, mbali, na mzee Mokami alisema hanunui mbuzi kwenye gunia, atawaona kwanza. Mayunga akaletewa picha kwenye simu. Mzee akazikataa, akasema haangalii ng'ombe wa ukubwa wa kidole. Wawekwe kwenye karatasi, wakubwa, ng'ombe mmoja karatasi moja, kwa Getruda.

Getruda akazifungua picha zile kwenye kioo chake. Akaona ng'ombe wote wamepauka, wana ubluu puani, kama waliotoka kuugua. Mmoja, mtamba mzuri wa mwili, alikuwa hana rangi kabisa. Getruda akasema moyoni, hawa ni ng'ombe wa kwetu, nawajua, hawapauki hivi, simu ya mtu imewaharibu. Akafanya kama anavyofanya siku zote: akaongeza wekundu, akapunguza ubluu, akatia kivuli kidogo, mpaka kwenye kioo wakaonekana ng'ombe wenye afya. Akachapa. Karatasi zilitoka zimekolea kuliko kioo, naye aliliona hilo. Lakini alikuwa ametia wino mpya juzi yake. Akasema ni wino mpya huo, utatulia.

Mzee Mokami alipoiona karatasi ya yule mtamba, aliisogeza kwenye mwanga. Mtamba alikuwa mwekundu wa kichuguu kilichonyeshewa mvua. Mzee akasema mama yake alikuwa na ng'ombe wa rangi ile, ng'ombe huyo akafa mwaka wa njaa, na tangu hapo hajaona mwingine. Akaikunja karatasi akaitia kwenye koti. Posa ikakubaliwa, siku ikapangwa, ndizi zikavundikwa, na mimi mwenyewe nilitoa sufuria zangu mbili, moja mpaka leo haijarudi na ninaijua ilipo.

Ng'ombe walifika kwa lori siku ya Alhamisi. Wakashushwa mmoja mmoja, wazee wamejipanga na karatasi mikononi. Wa kwanza akashuka, wakatazamana. Wa pili, wakakohoa. Akashuka yule mtamba, mnene, mpole, ana macho mazuri, na rangi yake ni chai ya maziwa, tena maziwa mengi.

Mzee Mokami akatoa karatasi yake, akaikunjua, akaangalia karatasi, akaangalia ng'ombe. Akasema huyu siye.

Baba yake Mayunga, aliyekuja na lori, akaapa kwamba ndiye, amemzalisha kwa mikono yake. Mayunga akatoa simu. Kwenye simu mtamba alikuwa chai ya maziwa vile vile. Simu na ng'ombe walikuwa wanasema neno moja, karatasi peke yake ndiyo iliyokuwa inasema lingine. Sasa kila mtu akaanza kufikiri, na wote walifika mahali pamoja: karatasi imetoka kwa nani? Kwa Getruda. Na Getruda ni kabila gani?

Mwanzoni hakuna aliyelisema kwa sauti. Mwisho alilisema mzee Simioni, ambaye ni ndugu yake Mokami na ndiye yule aliyerudishiwa ng'ombe kwa kadi, na hilo ndilo lililouma zaidi. Alisema mtu akiwapamba ng'ombe wa kwao ili wapendeze kwa wengine, huyo si mpiga picha, ni dalali. Wakaamua ng'ombe wasiingie zizini kwa Mokami. Wakafungiwa kwa Simioni, na lori likaambiwa lisubiri mpaka Jumamosi. Kama neno halijaeleweka, warudi walikotoka, na Neema abaki kwao.

Mpaka saa tisa mchana habari ilikuwa imeshafika kila kaya. Wenye kadi za ng'ombe wakaanza kuzitoa na kuzitazama kwa wasiwasi. Mama mmoja alirudisha picha ya marehemu mumewe, akasema labda naye alipambwa. Getruda akamwambia huyo hapana, huyo angepambwa ungemwona amependeza. Lakini mzaha huo ulikuwa wa mdomoni tu, aliniambia mwenyewe. Miaka yote hiyo hakuwa na shamba, hakuwa na mume, hakuwa na ukoo karibu. Alikuwa na hilo moja tu, kwamba picha yake inafuata sura. Likiondoka hilo, anafunga mlango na kupanda gari la kwenda ambako hana mtu anayemjua tena.

Ijumaa asubuhi akampigia Emanueli, fundi wa kompyuta wa Sirari pale mpakani, yule anayeongea nusu kama Mkenya. Emanueli akaja na pikipiki, akakaa, akabonyeza hapa na pale, akacheka. Getruda akamwambia akicheka tena atamtia wino machoni.

Alichokieleza Emanueli ni hiki, na mimi nakiandika kama nilivyokielewa, anayejua zaidi anyamaze. Ndani ya kompyuta kuna programu moja ambayo kazi yake ni kukiamrisha kioo kionyeshe nini na kwa rangi gani. Wanaiita draiva. Siku ya bando la mwalimu, kompyuta ilileta draiva mpya na kuitupa ya zamani. Vile vishale vitatu vya Getruda, na ukubwa wa maandishi yake, vyote vilikuwa vimehifadhiwa ndani ya ile ya zamani. Ilipotupwa, vikatupwa nayo. Mpya ikaja na rangi za kiwandani, za mtu asiyemjua Getruda wala nyanya yake.

"Mama, si kosa lako," Emanueli akamwambia. "Hii kitu ilibomoa nyumba na vyombo viko ndani."

Getruda akauliza kama ya zamani inaweza kurudishwa. Emanueli akajaribu. Ya zamani ikarudi kweli, lakini tupu, vishale vyote vimesimama katikati kama siku ya kwanza. Namba za Getruda hazikuwepo popote. Hakuwahi kuziandika. Nani anaandika urefu wa pua yake?

Emanueli akasema basi lete nyanya, tuanze upya, mpaka jioni kioo kitakuwa kimepona. Na hapo ndipo Getruda alipofanya jambo ambalo mimi ningelifanya, lakini sijui nani mwingine. Alimshika fundi mkono. Akasema kisipone. Kioo kibaki kibovu hivi hivi mpaka wazee waje, maana kikipona leo, kesho nitawaambia nini? Kwamba kilikuwa kinaumwa? Kila mwongo husema hivyo.

Akamtuma mtu kwa mzee Mokami. Ujumbe ulikuwa mfupi: Jumamosi asubuhi, kabla lori halijawashwa, mzee aje dukani na wenzake, na aje na dume lake.

Mzee Mokami ana dume ambalo analipenda kuliko watu kadhaa ninaowajua. Ni jekundu la maharage, lina baka jeupe kwenye paji, na kadi yake, aliyoichapa Getruda miaka miwili nyuma, hukaa kwenye koti la mzee pamoja na kitambulisho. Watu walisema hatakuja. Alikuja. Alikuja na dume kwa kamba, na Simioni, na wazee wengine wanne, na nusu ya Nyarero nyuma yao, mimi nikiwa mbele ya hiyo nusu kwa sababu ya goti langu, siwezi kusimama nyuma nikasikia.

Getruda akaamkia, shikamoo wazee, wakaitikia kwa shida. Dume likafungwa kwenye nguzo ya mlango. Getruda akamwomba mzee Mokami atoe kadi. Wakaiweka ubavuni mwa dume. Rangi moja, hakuna aliyebisha.

"Picha ya kadi hiyo ninayo humu ndani," Getruda akasema. "Ni ile ile, sijaigusa. Njoo ukae hapa, mzee."

Akamkalisha mzee Mokami kwenye kiti chake mwenyewe, ambacho hata mimi sijawahi kukikalia. Akaifungua picha ya dume kwenye kioo. Likatokea dume limepauka, lina ubluu puani kama limekunywa maji ya betri.

Mzee akashtuka. Akasema huyu ni mgonjwa.

Getruda akamwambia, mponye basi. Akamwonyesha panya wa kompyuta, akamwonyesha mahali pa kuongeza wekundu na mahali pa kupunguza, halafu akarudi nyuma mpaka ukutani, akaiweka mikono yake juu ya kichwa ili kila mtu aione. Kitendo hicho kilichekesha watu, lakini yeye hakucheka.

Mzee Mokami ana mkono mzito. Mara ya kwanza dume likawa la kijani, na mtu mmoja nyuma akasema hilo limekula shamba la watu. Mzee akatulia, akasukuma kidogo, akageuka kulitazama dume pale mlangoni, akasukuma tena. Simioni akaanza kumwelekeza, ongeza, punguza, pale kwenye shingo bado. Wakabishana wao kwa wao kuhusu shingo. Mwisho mzee akaegemea nyuma. Akasema sasa huyu ni wangu, hivi ndivyo alivyo, na wazee wote wakainama wakaangalia kioo, wakasema ndiyo, ndiye.

Getruda akamwelekeza kwa mdomo pa kuchapia, mzee akabonyeza. Printa ikaguna, karatasi ikatoka polepole.

Lilikuwa jeusi jeusi, jekundu la ini lililokauka juani. Hata baka la kwenye paji lilikuwa limekuwa la waridi.

Simioni ndiye aliyeichukua karatasi. Akatoka nayo nje, akaiweka ubavuni mwa dume, akasimama hapo. Dume likageuka kuinusa. 

"Nani amempaka dume wangu?" mzee Mokami akauliza kutoka kwenye kiti.

"Wewe, mzee," Getruda akasema. Mikono yake bado ilikuwa kichwani. "Kama mimi nililipwa na Wasukuma, wewe umelipwa na nani?"

Nawaambia, mzee Mokami sijamwona akicheka tangu tulipokuwa wasichana na wavulana. Alianza tumboni. Kiti cha Getruda kikalia. Akacheka mpaka akatoa kitambaa, na wengine wakaona wameruhusiwa, wakacheka nao, na Simioni naye akacheka, lakini akiangalia chini. Baadaye alimwendea Getruda pembeni. Sikusikia alichomwambia, ila nilimwona anashikana naye mikono yote miwili, na Mkurya wa umri ule haombi radhi kwa mikono miwili bure.

Lakini mzee Mokami hakumwachia Getruda aondoke mweupe kabisa. Alipokwisha kujifuta machozi alisema, umetuonyesha kwamba kioo kilidanganya, sawa. Ila mwenye ng'ombe alikuwa na simu, simu ilisema kweli, na wewe ulikiamini kioo chako kuliko mwenye ng'ombe. Getruda akashusha mikono. Akasema hapo nimekosa, mzee. Ni mara moja tu nimemsikia akisema hivyo, na ndiyo hiyo.

Ng'ombe wakaingizwa zizini kwa Mokami kabla ya saa sita, mtamba wa chai ya maziwa akiwa wa mwisho. Mzee akamshika nundu, akasema basi, kama hukuwa mwekundu, ulikuwa mkweli. Ile karatasi ya uongo alikataa kuirudisha. Ameitundika sebuleni, juu ya redio, na wageni wakiuliza ni ng'ombe gani huyo anasema ni wa mama yake.

Jumatatu Emanueli akarudi, na Neema, ambaye harusi yake ilikuwa Jumamosi ya pili, akaleta nyanya mwenyewe, kikapu kizima, akasema chagua iliyo nyekundu kuliko zote maana nusura mnikoseshe mume. Nyanya, yai, kigae. Safari hii ilichukua asubuhi moja, maana mkono ulikuwa umeshaijua njia. Vishale vilipotulia, Emanueli akataka kufunga begi lake. Getruda akamzuia mlangoni.

Akamuuliza: "Na siku ikija draiva nyingine?"

Emanueli akasema itabomoa tena, ndiyo kazi yake. Getruda akasema kwao, na hata kwetu, nyumba ikibomolewa ili ijengwe mpya, mwanamke hutoa mafiga kwanza. Matope yatakuwa mapya, nyasi mpya, hata mlango utahamia upande mwingine, lakini mafiga ni yale yale matatu, yanasubiri nje, na nyumba ikisimama yanaingia kabla ya mtu. Sasa wewe fundi, mafiga yangu umeyaweka wapi? Ndani ya ukuta?

Fundi akakuna kichwa. Akakaa tena. Akazitoa namba zile tatu kutoka kwenye draiva, akaziweka kwenye faili lao peke yao, ndani ya folda ya Getruda mwenyewe ambayo draiva haina ruhusa ya kuigusa. Halafu akaandika amri ndogo: kila kompyuta inapowaka, iangalie vishale, ikikuta vimesimama katikati, iende kwenye folda ichukue namba ivirudishe. Na ukubwa wa maandishi pia. Akauliza folda iitwe nani. Getruda akasema iite MAFIGA. Lakini hata hapo hakuridhika, kwa sababu kompyuta yenyewe inaweza kuibiwa. Akachukua rangi iliyobaki ya kibao cha mlango, akaziandika namba tatu ukutani, kubwa, juu ya printa. Wateja wapya hufikiri ni namba ya simu, na mmoja amewahi kuipiga.

Mwezi wa pili mwaka huu mwalimu Rose alirudi na alama zake na bando lake, na ndiyo, aliisahau tena simu mezani. Sasa mnajua kwa nini hakutaka kuandika yeye. Nilikuwepo, nimekaa kwenye benchi nikisubiri nakala. Kompyuta ikajizima na kujiwasha, kioo kikatoka kimepauka, ubluu mtupu. Getruda alikuwa anamenya ndizi kwa ajili ya mchana, hata hakugeuka. Nikamwambia wewe, kioo chako kimekufa. Akasema ngoja. Kabla hajamaliza ndizi aliyoishika, kioo kikapepesa mara moja, na rangi zikaingia mahali pake kama ng'ombe wanaojua zizi lao. Getruda akainua macho, akaangalia kioo, akaangalia ukuta. Halafu, na hili ndilo lililonifurahisha, akaniomba simu yangu yenye picha niliyotaka nakala yake, akaangalia na hiyo pia.

Basi nimeandika, mkono unauma na kalamu ya pili ya mwalimu imekwisha. Siombi asante, asante hailiwi. Wewe uliyesoma mpaka hapa, inuka. Kama una kompyuta, au simu, au hata cherehani uliyoizoesha mkono wako, nenda kaangalie umeipangaje, uandike kwenye daftari, leo, siyo kesho. Daftari hilo uniletee Nyarero nilione kwa macho yangu. Nyumba yangu ni ile mkabala na stesheneri. Na ukija, pitia kwa Agustina mke wa Simioni, mwambie bibi anataka sufuria yake.